Weusi wa Udongo wa Nongbai

Ukimtaka Meng Suqiong asubuhi, huna haja ya kubisha hodi kwake. Yuko mlimani, kainama katikati ya mawe na mundu wake, akikata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa kwao hawafunguliwi kwenda malishoni. Hukaa bandani wakaletewa, na anayewaletea huwa mwanamke wa nyumba. Suqiong alikuwa amefanya kazi hiyo tangu alipoolewa Xiatang, na hakukuwa na kichaka, pango wala mwanya wa jiwe usiomjua yeye.

Xiatang ni bonde la chini. Kwao alikozaliwa ni Nongbai, bonde la juu, lililozungukwa na vilima vya mawe ya chokaa pande zote kama bakuli. Kati ya mabonde hayo mawili pana kilima kimoja tu. Kutoka mlangoni kwa kaka yake hadi mlangoni kwa mumewe ni mwendo wa kuivisha chungu cha maharage. Hata hivyo ulikuwa mwaka wa pili sasa hajakanyaga Nongbai.

Chanzo kilikuwa msiba wa mama yao. Siku mama alipozidiwa, Suqiong alikuwa bandani, mkono umezama ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, ndama katanguliza miguu ya nyuma. Akaja mtu kumwita. Akasema, "Ndama akitoka tu, nakuja." Ndama alitoka jioni. Alipofika Nongbai, mama alikuwa ameshaoshwa na kulazwa. Kaka yake, Meng Tingguang, akamtazama mbele ya waombolezaji wote, akasema kwa sauti, "Haya, mpisheni apite. Ng'ombe wake keshajifungua, sasa ana nafasi."

Watu waliinamisha vichwa. Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Suqiong alilia siku ile mpaka sauti ikakauka, lakini alijua kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa ya aibu, na hilo lenyewe likawa aibu nyingine. Tangu hapo, hata Sikukuu ya Kugawa Joka, ambapo kila binti aliyeolewa hurudi kwao na watoto kula wali wa kunata wa rangi tano, yeye alibaki Xiatang, akisema ng'ombe hawana wa kuwaangalia.

Ndipo akaja Mwalimu Pan.

Pan Ruolan alikuwa mtafiti kutoka mjini, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alikuja na gari lililojaa mifuko mitupu na vyuma virefu vyenye mdomo kama kijiko, vya kuchimbulia udongo. Dereva wake, Bwana Huang, alikuwa mnene na aliyachukia mawe. Walimtafuta Suqiong kwa sababu walihitaji mtu mmoja anayeijua milima ya Nongbai na ya Xiatang sawasawa, na kila waliyemuuliza aliwatajia jina lake.

"Tunapima kaboni iliyomo udongoni, shangazi," Pan alimweleza siku ya kwanza. "Mti unavuta hewa, unaigeuza majani. Majani yanaanguka, yanaoza. Sehemu inarudi angani, sehemu inabaki udongoni. Ule weusi unaouona, mwingi ni huo."

"Kumbe mnapima mboji!"

"Mboji, ndiyo. Ila sisi tunaipeleka maabara."

Kazi ile haikuwa ya udadisi tu. Wilaya ilikuwa na fungu la kulinda misitu ya mawe, nalo lilitosha bonde moja. Bonde ambalo udongo wake umeshika kaboni nyingi zaidi ndilo lingepata tangi kubwa la maji ya mvua, mabomba hadi majumbani, na posho kwa watakaoulinda msitu. Huko mvua hunyesha mpaka watu wakachoka, lakini maji hayakai. Yanazama kwenye mashimo, na baada ya wiki tatu za jua wanawake wanabeba ndoo. Kwa hiyo kila mtu Nongbai na Xiatang alijua wageni wale wamekuja kuamua nini.

Shida ni kwamba udongo wa milima ile haukai kama udongo wa shamba la mpunga. Hapa unakanyaga mwamba mtupu. Hatua moja mbele kuna ufa ulioshiba mboji nyeusi, unatia mkono unazama hadi kiwiko. Hatua nyingine kuna kingo ya udongo wa manjano, mvua imeshaulamba, umebaki mwembamba kama ukoko wa wali. Pan alilijua hilo vizuri, ndilo lililomleta. Mashine yake ndogo ilimwonyesha sehemu za kuchimba, zimepangwa kwa mistari mlima mzima, na sehemu ikiangukia juu ya jiwe, kanuni ilikuwa kwenda mahali palipo karibu zaidi ambapo chuma kinaingia. Hapo ndipo alipomhitaji mwenyeji.

Walianza na Nongbai. Tingguang aliwapokea mwanzoni mwa kijiji. Aliwakaribisha wageni chai, akampa Huang sigara, akamsifia Mwalimu Pan kwa kuwa na miguu ya kupanda. Kisha akamgeukia dada yake.

"Na wewe leo umepata nafasi? Ng'ombe wote wazima?"

Suqiong alihisi masikio yakiwaka moto. Mkewe Tingguang, Lu Caimei, akaingilia haraka akiwa na birika mkononi.

"Jamani, msimsikilize huyu. Choo kimemgomea tangu juzi, ndiyo maana anatolea mdomoni." Huang akapaliwa na chai kwa kicheko. Caimei akamshika Suqiong mkono. "Wifi, mkishuka mpite mle. Nimetoa nyama ya kuchachusha kwenye mtungi, ile unayoipenda."

"Tutaona, wifi."

Wakapanda. Sehemu ya kwanza iliangukia juu ya mwamba mweupe. Kushoto, chini ya mti mkubwa wenye mizizi iliyolikumbatia jiwe, palikuwa na ufa. Suqiong aliujua tangu utotoni. Mama yake alikuwa akimtuma kuzoa mboji humo kwa ajili ya miche ya maboga. Kulia, mbali kidogo tu, palikuwa na kingo ya manjano.

"Shangazi, udongo wa karibu uko wapi?"

Suqiong alifungua mdomo aseme kushoto.

"Huku kulia," alisema.

Pan akatazama pande zote mbili. "Na kule kwenye mti je?"

"Kule kuna nyoka wa kijani, mwalimu. Majira haya wanalala kwenye nyufa. Mwaka jana mtu alikatwa kidole."

"Kulia!" Huang alisema, ameshageuka. "Kulia kuzuri kabisa!"

Chuma kikaingia kwenye udongo wa manjano, kikagonga jiwe upesi, kikatoka na kitu kama unga uliochanganyika na kokoto. Pan alikitia kwenye mfuko, akaandika alama. Suqiong aliangalia pembeni. Sehemu ya pili alijiambia atasema kweli. Lakini kutoka bondeni kikapanda kicheko cha kaka yake, sijui akicheka nini na nani, na Suqiong akasikia tena kile kicheko kilichojifanya kikohozi. Akaonyesha tena kulia. Sehemu ya tatu vivyo hivyo.

Kufika nusu ya mlima hasira zilikuwa zimemwisha. Alijishangaa, maana alizitafuta moyoni asizione. Lakini alikuwa ameshasema nyoka, ameshasema kushoto hakufai, na kila alipofikiria kugeuza maneno aliiona sura ya Mwalimu Pan ikimgeukia na swali. Kwa hiyo akaendelea hadi kileleni, akiziruka nyufa alizochezea utotoni, kwa sababu tu alikuwa ameanza.

Waliposhuka, Caimei alisimama mlangoni na mwiko. Suqiong alimpungia mkono kwa mbali, akasema hajakata majani.

Xiatang haikuwa na tabu. Jirani zake walimsindikiza mlimani kama bibi harusi, na kila Pan alipouliza, Suqiong alimpeleka kwenye ufa mnene kuliko zote zilizokuwa karibu. Chuma kilitoka cheusi kila mara. Pan alinusa konzi moja ya udongo, akatabasamu, akasema, "Huu umeshiba." Suqiong hakutabasamu.

Majibu yalipokuja, mkuu wa kijiji aliyatangaza kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo: Xiatang ndiyo imechaguliwa. Nguruwe alichinjwa. Pombe ya mchele ikamwagwa vikombeni hadi ikafurika. Mumewe Suqiong, Yan Deshou, mtu wa maneno mengi hata akiwa hajanywa, alipanda juu ya benchi.

"Mnajua siri ya tangi letu? Mke wangu! Ana pua ya nguruwe huyu, ananusa udongo mweusi mita mia!"

"Basi tusimchinje kwa bahati mbaya!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka. Wazee kwa vijana walimfuata Suqiong kugonga naye kikombe. Alimeza kila alichopewa. Deshou alipomkuta nyuma ya banda ameegemea ukuta, alidhani ni pombe.

"Umezidisha."

"Nimezidisha," Suqiong alisema.

Siku za gulio alianza kupita njia ya nyuma, ili asikutane na mtu wa Nongbai. Caimei alimkamata hata hivyo, kwenye meza za viazi vitamu vya kukausha.

"Wifi, unanikimbia! Nakuona toka kule unaruka madimbwi kama mwizi wa kuku."

"Nina haraka tu, wifi. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, kazi tu. Tunafyeka." Caimei alikuwa akichambua viazi huku anaongea, haikuwa habari kubwa kwake. "Ule upande wa mashariki, kuanzia kwenye ule mti wenye mizizi hadi juu. Kilima si kimepimwa kikaonekana hakina kitu? Sasa tunakilinda kwa ajili ya nani? Kaka yako kakaa na wenzake, wamesema bora tupande majani ya mabingobingo, tuongeze ng'ombe. Watu wa Xiatang mna tangi, sisi walau tuwe na nyama."

Neno lilimjaa Suqiong mdomoni. Lilikuwa pale, tayari, na gulio lote lilikuwa na kelele kiasi kwamba asingesikiwa na mwingine. Akasema, "Mbegu ya mabingobingo mnayo?"

"Hatuna. Kaka yako alisema nikuulize wewe. Halafu akasema nisikuulize. Halafu akaondoka kwenda kunoa panga." Caimei akacheka. "Wanaume wa kwenu, wifi, mimi nimewavumilia."

Kesho yake Suqiong alikata vipande vya mabingobingo kutoka shambani kwake, vile vyenye macho mazuri, akafunga mzigo mkubwa, akampa mwenye pikipiki aupeleke Nongbai. Aliona kwamba anasaidia. Pikipiki ilipopinda kona ndipo alipoelewa amefanya nini: amewapelekea cha kupanda mahali pa ule msitu. Alikimbia hatua chache barabarani, akasimama. Mwenye pikipiki alikuwa ameshatokomea.

Ikawa anaona moshi. Alipokuwa akikata majani upande wa juu wa Xiatang, uliibuka nyuma ya kilima, mweupe kwanza, kisha wa kijivu. Na sauti ya msumeno wa injini, unanguruma, unakaba, unanyamaza. Halafu mti unaanguka na mwangwi unazunguka lile bakuli la mawe. Alianza kukata majani upande mwingine, ambako yalikuwa machache. Ng'ombe wakakonda kidogo. Chakula kilimshinda.

"Jino linakuuma?" Deshou alimuuliza.

"Hapana."

"Basi kuna nini? Umekaa kama mtu aliyemeza ufunguo."

Suqiong alimtazama mumewe, mtu ambaye hajawahi kuificha siri hata ya zawadi, akanyanyuka kwenda kuosha vyombo.

Sikukuu ya Kugawa Joka ilipita, watu wakaomba mvua kama kawaida, na mvua ikaja kupita ilivyoombwa. Ilipiga siku nzima na usiku kucha. Asubuhi Suqiong alisikia makelele kwenye chemchemi ya kijiji, ile inayotoka chini ya mwamba kama mdomo. Alikuta wanawake wamesimama na ndoo tupu.

"Maji gani haya! Chai ya rangi!"

"Chai gani, huu ni uji!"

Maji yalikuwa meusi. Yalibeba majani, vijiti, na vipande vya mkaa. Mwanamke mmoja alikuwa akilaumu mafundi wa tangi, kwamba wamechimba wakavuruga mishipa ya maji. Suqiong alipiga magoti ukingoni, akachota tope lililotulia kwenye mawe, akalibana kiganjani. Lilikuwa laini, lenye chembe chembe, na lilinuka kama chini ya miti. Udongo kama ule hauokoteki njiani.

Utotoni mwake watoto wa Nongbai walikuwa na mchezo wa kumwaga pumba za mpunga kwenye lile shimo la katikati ya bonde linalomeza maji yote, kisha kukimbia kuvuka kilima hadi Xiatang kuziona zikitokea chemchemini. Kila mtoto wa kule aliucheza mchezo huo. Na sasa mama yake angekuwa hai angeweza kuja na kikapu kuzoa mboji yake huku, mlangoni kwa watu wengine, imeshakuwa tope.

"Si mafundi," alisema Suqiong.

"Ni nini basi?"

Suqiong alinawa mikono, akaona kwamba haitakati, akaondoka hivyo hivyo kwa miguu kuelekea Nongbai.

Kwenye njia panda alikuta gari analolijua limeegeshwa. Huang alikuwa akitoa tope kwenye matairi kwa kijiti, na Mwalimu Pan alikuwa anafunga kamba za buti. Pan alipomwona hakutabasamu.

"Nilikuwa nakuja kwako, shangazi."

"Mimi?"

"Milima miwili, jiwe moja, miti ile ile, mvua ile ile. Mmoja una kaboni mara tatu ya mwingine. Nilidhani nimekosea maabara, nikarudia. Nikarudia tena. Kisha nikachukua picha tulizopiga Nongbai, nikaona kila sehemu tumechimba mbali na mti, hakuna hata moja tuliyochimba chini ya mti." Akasimama. "Kule kulikuwa na nyoka?"

Suqiong alijaribu kumtazama usoni, akaishia kwenye vifungo vya koti lake.

"Hakukuwa na nyoka."

"Ulinipeleka makusudi."

"Makusudi, mwalimu. Na Xiatang nilikupeleka kwenye nyufa nono, makusudi vile vile. Ni mambo yangu na kaka yangu. Hayakuwa na uhusiano na wewe."

"Yana uhusiano!" Sauti ya Pan ilipanda mpaka Huang akainua kichwa. "Jina langu ndilo limekwenda wilayani. Nimewaambia watu kilima chao hakina kitu." Akashusha sauti. "Na mimi nilikosa. Kuchagua ufa haikuwa kazi ya mwenyeji, ilikuwa yangu. Nilichoka, nikakuachia. Sasa twende unionyeshe."

"Wamekifyeka," Suqiong alisema. "Upande wa mashariki. Kwa ajili ya majibu yale."

Pan alishika mlango wa gari, akabaki ameushika.

Walimkuta Tingguang mlimani, mguu mtupu, suruali imekunjwa hadi magotini. Upande wote wa mashariki ulikuwa wazi. Mawe yaliyokuwa yamefichwa na miti yalisimama meupe na makali, na katikati yake visiki vyeusi kwa moto. Mvua ilikuwa imepita ndani ya nyufa na kuzikomba. Vipande vya mabingobingo, vingine vimeng'oka, vililala ovyo kwenye tope. Tingguang alikuwa akipanga mawe mdomoni mwa ufa mmoja kuzuia udongo uliobaki. Hakusimama.

"Kaka."

"Sema."

"Siku ile ya kupima, nyufa niliziruka. Niliwapeleka wageni kwenye udongo mbaya. Kwa makusudi."

Tingguang aliweka jiwe, akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa. "Najua."

Suqiong alidhani hakusikia vizuri.

"Nilikuwa nimekaa pale chini nakutazama. Ya kwanza ulipokwenda kwenye manjano nikasema, kasahau. Ya pili nikajua."

"Ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanyeje? Nipige ukelele toka bondeni, wageni, dada yangu ananikomoa?" Sasa alisimama, tope likimchuruzika mikononi. "Nikasema acha anikomoe. Nilimvua nguo mbele ya watu msibani, acha na yeye anivue, tumalizane. Nilidhani ni tangi tu. Sikufikiri kwamba nitakuja kuushika msumeno mwenyewe."

"Mngenipigia simu," Pan alisema. "Namba yangu ilibandikwa ofisini kwenu. Kama ulijua ni mweusi, mbona umefyeka?"

"Mwalimu, mwanzoni nilijua. Halafu kila mtu akawa anasema hakina kitu, hakina kitu, na mimi nikaona ni rahisi kusema hivyo kuliko kusema habari za dada yangu."

Huang, aliyekuwa amebaki nyuma kwenye jiwe, akakaa chini na kuvua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Kwa mama nilichelewa," Suqiong alisema. "Ulisema kweli siku ile. Sikuwa na haki ya kukasirika."

Tingguang alijifuta paji la uso kwa mkono, akajipaka tope. Alionekana mzee ghafla.

"Kuna neno sijakwambia. Asubuhi ile mama aliuliza, ndama katoka? Nikamwambia bado, amekaa vibaya. Akasema, basi Suqiong asimwache mama wa watu akateseka, abaki naye. Alikuwa anamsema ng'ombe." Akafuta viganja kwenye suruali. "Ulipofika, nilikuwa na hasira na kila mtu. Ningekwambia neno hilo ungepata nafuu, nami sikutaka upate. Halafu siku zikapita, nikaona haya."

Suqiong alitaka kumpiga. Alitaka pia kukaa chini na kulia, na alitaka kumuuliza mama alilisema kwa sauti gani, alikuwa amelala ubavu gani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama mwanya uliokombwa miguuni pake, ukuta wa jiwe ukionyesha mstari mweusi pale udongo ulipokuwa umefika zamani, na akajua kwamba hata neno la mama halikuufuta ule mstari. Aliinama, akaokota jiwe, akampa kaka yake. Akalipokea.

Pan alipima upya, safari hii kwa kupiga kura kati ya nyufa zote zilizo karibu na kila sehemu, bila kumuuliza mtu. Upande wa magharibi wa Nongbai, ambao haukuguswa, ulikuwa na weusi kuipita Xiatang. Upande wa mashariki, zaidi ya nusu ilikuwa imeshaondoka, na ule uliobaki, kwa kupigwa na jua, ulikuwa unaendelea kupungua hata bila mvua.

"Weusi utarudi lini?" Suqiong aliuliza.

"Miti ikirudi na isiguswe? Wajukuu zako wataanza kuuona. Kuuona tu, shangazi, sisemi kuufikia wa mwanzo."

Pan aliandika barua wilayani, akataja kosa kama lake na la mwongozaji, bila kumpamba yeyote. Jibu lilikuwa kwamba tangi la Xiatang limeshafika usawa wa paa, halibebwi, ila mabomba yasubiri kwanza. Nongbai itafikiriwa fungu jingine likipatikana. Habari zikaenea. Mkuu wa kijiji cha Xiatang alimwita Suqiong uwanjani.

"Wewe mama, dhamiri ingekusubiri kidogo tufunge mabomba ndipo ikuume!"

Watu walicheka, lakini si kama walivyocheka siku ya nguruwe. Baadhi waliacha kumsalimia. Wengine walimsalimia kwa uchangamfu uliozidi, kama mgonjwa, na hao ndio waliomchoma zaidi. Deshou alikasirika siku kadhaa bila mzaha hata mmoja, jambo lililowatisha hadi majirani. Kisha asubuhi moja alibeba mtaimbo begani na kusema, "Haya, huo mlima wa kwenu uko wapi?"

Sasa Suqiong akimaliza kukata majani huvuka kilima. Wanajenga vikuta vya mawe kwenye midomo ya nyufa, wanang'oa mabingobingo, wanapanda miche ya miti ya pale pale waliyoichimbua upande wa magharibi. Tingguang hamwambii karibu wala asante. Huonyesha kwa kidole jiwe la kuanzia, naye huanza. Siku nyingine wanazozana juu ya jiwe likae vipi, na Caimei, akiwa chini na kikapu cha miche, hupaza sauti, "Ninyi watoto wa mama mmoja, mkimaliza kugombana mje mle! Mimi siwaletei chakula juu, magoti yangu si ya mbuzi!"

Hula nao. Mara ya kwanza Caimei alimjazia wali bila kuuliza.

Msimu uliofuata Mwalimu Pan alirudi na vyuma vyake, peke yake, kwani Huang aliapa kubaki garini. Alichimba kwenye mwanya ule wa mti wenye mizizi, ambao sasa ni kisiki. Udongo ulitoka wa kahawia, mwepesi, na kokoto nyingi.

"Umeongezeka?" Suqiong aliuliza.

Pan aliupima kwa macho, akaufunga mfukoni. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya ili kumfurahisha mwingine.

"Bado, shangazi. Lakini haukupungua."

Suqiong aliitikia kwa kichwa. Aliutazama mfuko ukiingia kwenye begi la mwalimu, kisha akauliza sehemu inayofuata iko wapi, akajitwisha chuma, na kumfuata nyuma badala ya kutangulia.